Droni umeiunga mwenyewe: ya kukagua mezani na namna ya kuirusha mara ya kwanza ukiwa Arusha au Moshi

Haya wadau, umemaliza kuunga, fremu imesimama, waya zimelala vizuri, betri imejaa na mkono unawasha kutaka kutoka nje. Subiri kwanza. Droni nyingi za kuunga zinazoanguka siku ya kwanza haziangushwi na anayerusha, zinaanguka kwa kitu ambacho kilikuwa kimeshakosewa mezani na hakuna aliyekiangalia, mota imekaa namba isiyo yake, propela iko kichwa chini, bodi imegeuzwa digrii 90 na programu haina habari. Hapo hata uwe fundi vipi wa kushika rimoti hamna utakachofanya, ikinyanyuka kidogo tu inapinduka inakula majani na propela mbili zinakatika. Kwahiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni meza, kurusha kwenyewe ni kufupi.

Nazungumzia droni ambayo wengi huku tunaanza nayo: fremu ya plastiki ya F450, mota nne za A2212 za 1000KV, ESC (bodi ndogo zinazodhibiti kasi ya kila mota) za ampia 30, propela za inchi 10, betri ya LiPo ya seli 3 yenye 2200mAh, bodi ya F4 (ubongo wa droni) iliyowekwa programu ya Betaflight, na rimoti ya chaneli sita. Kama yako ni ile ndogo ya inchi 5 mambo ni yaleyale ila yenyewe ina hasira zaidi.

Propela zitoke kwanza

Toa zote nne, zifungie kwenye droo, ikibidi funguo mpe mama. Hatutazigusa mpaka nitakaposema. Propela ya inchi 10 ikiwa inazunguka inakata kidole na haina mjadala, alafu kwenye meza ndo mahali ambapo mota inaweza kuwaka bila kutegemea kwasababu umegusa slaida kwenye kompyuta au rimoti imeanguka.

Kabla betri haijagusa kitu

Chukua tesa, weka kwenye ule mlio, gusa plasi na mainasi za XT60, ile plagi kubwa ya betri, betri ikiwa haijachomekwa. Ikilia kidogo alafu ikanyamaza hiyo ni kapasita inajaa, hamna shida. Ikilia moja kwa moja kuna shoti, na usichomeke betri kwa matumaini, tafuta shoti iko wapi. Mara nyingi ni uzi mmoja wa waya umechomoza kwenye solda ukagusa jirani yake, au risasi imemwagika katikati ya vituo viwili vya ESC.

Kingine ambacho hakikosi faida ni taa. Nenda duka lolote la spea za magari nunua taa ya indiketa ya volti 12 wati 21 na soketi yake, iunge kwenye waya wa plasi kati ya betri na droni, yaani umeme upitie kwenye taa kwanza. Ukichomeka betri taa ikamulika mara moja ikazima, uko salama. Ikiwaka na kubaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti, chomoa, na hujaunguza kitu maana taa ndo imebeba ule umeme wote. Bei yake haifiki hata robo ya bodi moja. Kumbuka tu kuitoa kabla ya kuzungusha mota kwa nguvu, manake haitapitisha ampia za kutosha na bodi itajizima utadhani imekufa.

Sasa skrubu za mota, na hapa naomba ukae kidogo. Fremu nyingi zinakuja na skrubu za urefu mbili tofauti kwenye mfuko mmoja, ndefu na fupi, na watu wanafunga inayokuja mkononi. Ile ndefu ikipita mkono wa fremu inaingia ndani ya mota na ncha yake inakaa juu ya koili za shaba. Mwanzoni haigusi. Ukikaza robo mzunguko zaidi inakwaruza ile vanishi ya koili, na hapo mota itazunguka vizuri tu mezani alafu ikipata moto hewani inapiga shoti, ESC inaungua, droni inashuka kama jiwe. Chukua tochi ya simu, chungulia kwenye matundu ya chini ya mota, unatakiwa uone nafasi kati ya ncha ya skrubu na shaba. Alafu weka tesa kwenye mlio, ncha moja kwenye skrubu, nyingine kwenye waya mmoja kati ya zile tatu za mota. Isilie. Ikilia toa skrubu, weka fupi, na mota hiyo iangalie kwa mashaka kuanzia hapo.

Solda nayo. Risasi iliyoshika vizuri inang'aa na imetelezea kwenye waya, ile iliyopoa vibaya ina rangi ya majivu na imekaa kidonge juu ya waya kama haitaki kuwa pale. Waya nene za betri zinataka pasi yenye nguvu, wati 60 hivi, ile ya wati 30 ya kuchomea redio inahangaika mpaka plastiki ya XT60 inayeyuka kabla risasi haijaingia. Kama huna, peleka hizo waya mbili tu kwa fundi redio yeyote mtaani kwako, ni kazi ya dakika chache. Alafu vuta kila waya kwa vidole, sio kwa huruma, kama unataka kuing'oa. Ni bora ing'oke mezani.

USB kwanza, betri baadaye

Chomeka bodi kwenye kompyuta, fungua Configurator ya Betaflight. Ukurasa wa kwanza una picha ya droni inayocheza unavyoishika. Inamisha pua ya droni yako chini, picha nayo iiname pua chini. Lalia kulia, nayo ilalie kulia. Ikifanya kinyume au ikienda upande, ina maana mshale wa kwenye bodi hautazami mbele, kwahiyo ama igeuze bodi ama ingiza digrii zake kwenye sehemu ya kupanga mwelekeo wa bodi. Hii peke yake ikikosewa droni haitaruka hata uombe.

Kusawazisha aksileromita, sensa inayojua droni imeinama kiasi gani, tumia pima maji ya fundi ujenzi, usiamini meza ya sebuleni. Ikiwa meza imeinama digrii mbili basi droni itajua kwamba kuinama digrii mbili ndo kunyooka, na kila ukiirusha itakuwa inatembea upande mmoja.

Ukurasa wa risiva, kile kifaa cha kwenye droni kinachopokea rimoti: sogeza kila stiki uone ubao wake unaosogea ndio wenyewe. Throto, stiki ya kuongeza nguvu, ikiwa chini kabisa isome karibu 1000, juu kabisa karibu 2000, na stiki zingine zikiwa katikati zisome 1500. Ukisogeza throto na ukaona unaosogea ni ubao mwingine, mpangilio wa chaneli ni tofauti, badilisha kati ya AETR na TAER. Throto isiposhuka chini ya 1050 mota hazitaamka, na watu wanahangaika na hilo wakati ni kurekebisha tu mwisho wa stiki kwenye menyu ya rimoti.

Weka swichi ya ARM, ya kuamsha mota, kwenye chaneli ya tano, na Angle uiache imewaka muda wote. Angle ndo inayosawazisha droni yenyewe ukiachia stiki. Kuna wanaojisifu wanaanza bila hiyo, waache.

Mota: namba na upande

Kwenye Betaflight mota namba 1 ni ya nyuma kulia, 2 ya mbele kulia, 3 ya nyuma kushoto, 4 ya mbele kushoto. Chora kwenye karatasi, bandika ukutani. Kwa mpangilio wa kawaida mota 1 na 4 zinazunguka kama mshale wa saa, 2 na 3 zinazunguka kinyume. Sasa chomeka betri, propela bado ziko kwenye droo, nenda ukurasa wa mota, kubali lile onyo, pandisha slaida moja moja kidogo sana. Ukipandisha ya 1 iamke ya nyuma kulia, isipokuwa hiyo una waya za signali zimepishana. Kuona upande wa kuzunguka bandika kipande kidogo cha tepu kwenye shafti, kinakuonyesha. Inayozunguka kinyume badilishana waya wowote wawili kati ya zile tatu, yatosha.

Mota inayotetemeka bila kuzunguka, inafanya kama inataka inashindwa, mara nyingi waya mmoja kati ya tatu haujashika. Kujua kosa ni la mota au ESC hamisha hiyo mota kwenye ESC ya jirani. Tatizo likihama na mota, mota ndo mbovu. Likibaki palepale, ni ESC au waya wa signali. Wengi wananunua mota mpya kabla ya kufanya hivi, aisee inauma.

Na zile ESC zikiendelea kulia piip, piip, piip bila kuacha, hazioni signali kutoka kwenye bodi. Angalia umechagua protokoli sahihi, yaani lugha ambayo bodi inaongea na ESC, ESC za kizamani hazijui DShot, zinataka PWM au Oneshot, na hizo inabidi uzifundishe chini na juu ya throto: slaida kuu juu kabisa, chomeka betri, subiri milio, shusha chini kabisa. Sasa umeelewa kwa nini propela ziko kwenye droo, kwasababu hapo kosa moja tu mota zote nne zinawaka kwa nguvu zote juu ya meza.

Jaribio la mwisho la meza nalipenda kuliko yote. Toa USB, weka betri, amsha mota kwa swichi, throto kidogo, shika droni kwa fremu katikati mkono ukiwa mbali na mota, alafu iinamishe upande mmoja. Mota za upande ulioshuka zinatakiwa ziongeze kasi, zile za juu zipunguze. Unasikia kabisa kwa sikio. Fanya pande zote nne. Ikiwa upande ulioshuka ndo unapunguza, droni hiyo ikiguswa na hewa inajipindua, rudi kwenye namba za mota na mwelekeo wa bodi. Usishtuke ukiona mota zinapanda zenyewe taratibu na hazitaki kushuka, bila propela ni kawaida, bodi inajaribu kurekebisha kitu na haioni matokeo.

Zima rimoti uone

Hii haitaki kuruka hatua. Propela bado hamna, amsha mota, throto katikati, alafu zima rimoti kabisa. Ndani ya sekunde chache mota zote zizime. Zikiendelea kuzunguka una hatari mkononi, manake kuna risiva zikipoteza signali zinashikilia ile namba ya mwisho uliyokuwa umetuma, yaani throto ilikuwa katikati basi inabaki katikati na droni inaondoka zake kuelekea Monduli. Ingia kwenye menyu ya feilsefu ya rimoti, sema ikipotea throto iende chini kabisa, au iweke risiva iache kutuma kitu chochote, alafu rudia jaribio. Mpaka izime, hamna kutoka nje.

Mota zikigoma kuamka

Configurator inakuambia sababu pale kwenye ukurasa wa kwanza. THROTTLE ina maana throto haiko chini. ANGLE droni imeinama zaidi ya digrii 25, iko kwenye mteremko. RXLOSS risiva haipati rimoti. ARMSWITCH ulichomeka betri swichi ikiwa tayari imewaka, ishushe upandishe upya. MSP inasumbua sana watu bure, yenyewe inatokea kwasababu bado umeunganishwa na kompyuta, ukichomoa USB inaondoka.

Hewa ya huku ni nyepesi

Video nyingi unazoangalia zimerekodiwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, na hewa huku ni nyepesi kama asilimia 13 kuliko ya Dar. Moshi iko chini kidogo, kwenye mita 800 na kitu, huko unapoteza kama asilimia 8. Propela inasukuma hewa, hewa ikiwa nyepesi nguvu inapungua vilevile kwa mzunguko uleule. Mota hizi na propela ya inchi 10 kwenye seli 3 zinasukuma kama gramu 800 kila moja kule pwani, zote nne 3,200, kwa Arusha hesabu kama 2,800. Droni ya gramu 1,200 bado iko vizuri maana unataka nguvu isiyopungua mara mbili ya uzito. Lakini ukiongeza kamera, gimbali yake (kishikio kinachoituliza kamera), betri kubwa na miguu mirefu ukafika gramu 1,800, itanyanyuka, ila itakuwa inahema muda wote na ukitaka kuiokoa isianguke haina cha kukupa. Kwahiyo siku za mwanzo kamera ikae nyumbani. Mimi hata ile miguu mirefu siipendi, inanasa kwenye nyasi na kuipindua droni ambayo ilikuwa inatua vizuri.

Wapi

Droni Tanzania ziko chini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wao ndo wanasajili na kutoa kibali, kwahiyo anza na hilo, iwe ya kuunga au ya dukani. Alafu angalia ulipo. Watu wa Arusha wakitafuta uwazi akili inaenda Kisongo, ni tambarare, hamna miti, safi kabisa, ila uwanja wa ndege wa Arusha uko hukohuko na vindege vya watalii vinapanda na kushuka kutwa. Usirushe huko. Tambarare za kati ya Usa River na Boma Ng'ombe zinavutia vilevile na katikati yake ndo kuna KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Moshi nao wana kiwanja chao kidogo karibu na mji. Kwenye hifadhi, iwe Momella au mlimani Kilimanjaro, usifikirie kabisa bila kibali cha wenyewe.

Kinachofaa ni shamba la mahindi likishavunwa na mabua yameondolewa, au uwanja wa mpira wa shule siku ambayo hamna shule, kwa ruhusa ya mwenyewe. Omba kistaarabu. "Shikamoo mzee, tunaomba tujaribie hiki kindege chetu hapo uwanjani nusu saa tu." "Marahaba. Huyo mdudu wenu asinifukuzie ng'ombe." Na ana haki, ng'ombe wakisikia ule mlio wanaondoka na kamba zake, subiri wapite.

Nenda saa moja asubuhi. Upepo huwa umelala, kuanzia saa nne unaamka na kiangazi unakuja na vumbi linaloingia kwenye mota. Juni na Julai asubuhi Arusha ni baridi kweli, betri ya LiPo ikiwa ya baridi inashuka volti ghafla ukivuta nguvu, ibebe ndani ya jaketi mpaka dakika ya kurusha. Nenda na mtu mmoja ambaye kazi yake ni watu tu, kwasababu watoto watajaa, sio labda, watajaa. Wote wakae nyuma yako, wewe uwe mita kama kumi kutoka kwenye droni, na wao nyuma zaidi.

Sasa propela

Rudisha propela ukiwa uwanjani, sio nyumbani. Zipo za aina mbili, mbili zinazunguka kulia na mbili kushoto, na kila moja maandishi yake yanatazama juu. Ukitaka uhakika angalia ubawa, ule ukingo ulioinuka juu ndo unaotangulia mota inakozunguka. Propela iliyogeuzwa kichwa chini bado itapuliza upepo kidogo, ndo maana inadanganya, ila kona hiyo haitanyanyuka na droni italalia huko. Kaza zile nati za kichwa cha risasi kwa kupitisha bisibisi nyembamba kwenye tundu lake, vidole havitoshi, ikilegea hewani propela inaondoka peke yake.

Bandika tepu nyekundu kwenye mikono miwili ya mbele. Weka droni juu ya kipande cha mbao au turubai, pua inatazama mbali na wewe ili kushoto yako iwe kushoto yake. Washa rimoti kwanza, betri ya droni baadaye, kutoka hapo usiitikise mpaka jairo (sensa ya mzunguko ndani ya bodi) ijisawazishe. Chomeka alamu ya betri kwenye ile plagi ndogo nyeupe, iweke ilie kila seli ikifika volti 3.5. Weka saa ya simu dakika tano.

Amsha mota. Zitazunguka polepole, sikiliza, zote nne zilie sawa. Pandisha throto taratibu mpaka droni iwe nyepesi miguuni lakini haijaondoka, alafu angalia inataka kulalia wapi. Ikitaka kuinua upande mmoja kwa nguvu shusha, zima, rudi kwenye namba za mota na propela. Ikiwa imetulia, usiibembeleze pale chini, kwenye nusu mita ya kwanza upepo wake mwenyewe unagonga ardhi na kuirudia, inayumba hata ikiwa nzima. Ongeza throto kwa uamuzi mpaka mita moja na nusu, itakaa karibu katikati ya stiki au juu yake kidogo. Throto ni kama mafuta ya bodaboda mlimani, unaongeza na kupunguza kidogokidogo muda wote, huiwekei sehemu moja ukaiacha.

Jua kitu kimoja: Angle inainyoosha droni lakini haiishikilii mahali. Haina GPS, haioni ardhi, upepo kidogo ukija inaondoka nao na lazima uirudishe kwa stiki. Hilo sio kosa la droni.

Ikae hapo sekunde kadhaa, ishushe, ikigusa chini throto chini kabisa na uzime swichi palepale, usisubiri. Kwenye Betaflight za siku hizi Airmode (bodi kuendelea kujirekebisha hata throto ikiwa chini) inakuja imewashwa na droni iliyotua mota zikiwa bado zimeamka inaweza kurukaruka na kujipindua. Tembea, toa betri, shika mota zote nne kwa kidole. Vuguvugu sawa. Ile ambayo huwezi kuweka kidole ina shida, usirushe tena mpaka uijue. Zote zikiwa sawa rudia, alafu mbele na nyuma mita tatu tatu, alafu kushoto na kulia, alafu mraba. Kuigeuza pua ikutazame weka siku nyingine, mikono inajipindua kichwani, kulia inakuwa kushoto. Kama una kompyuta inayojiweza, chomeka rimoti kwa USB cheza simuleta jioni, vidole vinajifunza bila kununua propela.

Ukiona hali inakuchanganya hewani zima swichi, acha ianguke. Kutoka mita mbili kwenye nyasi utavunja propela, ila ukiendelea kupambana ikiwa inaelekea kwa watu hiyo ni habari nyingine.

Ikisumbua hewani

Inapinduka ikinyanyuka tu, tumeshasema, namba za mota, upande, propela, mwelekeo wa bodi, hamna kingine cha maana zaidi ya hivyo. Inazunguka yenyewe kama pia mara tu inapoondoka chini, angalia kama mota zako zote zinazunguka kinyume cha programu inavyodhani. Inazunguka taratibu tu upande mmoja, tazama mikono ya fremu kwa usawa wa macho, kuna mota imeinama kidogo, plastiki ya F450 hujipinda ikishaanguka.

Inatetemeka kwa kasi na mota zinapata moto, anza na propela. Yenye ufa itupe hata ufa uwe mdogo. Zingine pima uzani, ipitishe kwenye bisibisi laini, bawa linaloshuka ni zito, bandika kipande cha selotepu kwenye lile jepesi mpaka itulie. Shafti iliyopinda inaonekana ukizungusha mota kwa mkono ukaangalia ncha yake. Chini ya bodi weka zile tepu nene za sponji. Vyote hivyo vikiwa sawa na bado inatetemeka, kumbuka Betaflight inakuja imepangiwa droni ndogo za inchi 5, propela yako kubwa haiwezi kubadili kasi haraka namna hiyo, punguza ile slaida kuu ya PID (ukali wa bodi kujirekebisha) hatua moja, rusha, punguza tena. Ila ikiwa inayumba polepole kama mlevi, hapo umepunguza mno, rudisha. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, hutajua kilichoponya ni kipi.

Inajizima hewani ghafla alafu mezani inawaka vizuri, ni solda ya XT60 au betri. Rudi kwenye kuvuta waya.

Betri

Alamu ikilia unatua, humalizii mzunguko. Betri iliyojaa ni volti 12.6, ukiwa hewani ikifika 10.5 shuka, ukiishusha chini ya 9 umeiumiza na haitarudi kama ilivyokuwa. Iache ipoe kabla ya kuchaji. Chaji kwa ampia 2.2 kwa hiyo ya 2200mAh, kwa plagi nyeupe ikiwa imechomekwa ili seli zilingane, juu ya sakafu ya simenti au tofali, na uwepo hapo hapo, umeme ukikatika na kurudi hakikisha chaja haijajianzia yenyewe mpangilio mwingine. Usiiache kwenye gari lililopaki juani wala kwenye begi na funguo. Kama hutarusha tena wiki hiyo usiiache imejaa, ishushe mpaka volti 11.4, chaja nyingi zina mpango wa kuhifadhi unaofanya hivyo wenyewe. Pima seli moja moja, ikiwa moja iko 3.8 na nyingine 3.5 kila baada ya kurusha, seli hiyo inakufa. Na ikishavimba, hata kidogo, haichajiwi tena.